Mekatilili wa Menza: Bibi aliyetaka watu wake waulizwe kwanza

Muulize kijana yeyote wa mjini Mekatilili wa Menza ni nani, atakujibu haraka: si yule mama wa Kigiriama aliyemzaba mzungu kofi? Muulize alimzaba kwa nini, hapo ndipo kimya kinaingia. Shuleni tulimpitia kwa aya moja, katikati ya Koitalel na Waiyaki, kisha ubao ukafutwa. Kila Oktoba 20, Siku ya Mashujaa, picha yake yazunguka kwenye WhatsApp, watu wanaweka moyo, kesho yake wamesahau.

Leo hebu tumsome polepole. Hilo kofi, liwe lilikuwepo au halikuwepo, ni dogo kuliko mengine yote aliyoyafanya. Kubwa ni kwamba aliwakusanya maelfu ya watu wakakataa kwa pamoja kupangiwa maisha na mtu ambaye hakuwauliza. Hakuwa na bunduki. Hakuwa na cheo. Alikuwa mjane wa kijijini, umri umeshasonga, na bado serikali ya Mwingereza ikaona heri imtupe upande wa pili wa nchi kuliko kumwacha aendelee kuongea.

Mgiriama na Mbajuni, wapi na wapi?

Naandika haya nikiwa Ndau, kisiwa kidogo cha Wabajuni kati ya Pate na Kiwayu, kule juu kabisa ya funguvisiwa la Lamu. Huku maisha ni bahari: wavu, dema, boti na mikoko. Kilifi na misitu ya kaya iko mbali sana na hapa. Kwa hivyo najua swali utakaloniuliza: mtu wa Ndau yuwahangaikia nini habari za bibi wa Kigiriama?

Kwanza ni udugu. Wataalamu wa lugha wakipanga lugha za Kibantu za pwani yetu, Kiswahili na lahaja zake zote, Kitikuu chetu cha Kibajuni kikiwemo, wanakiweka kapu moja na lugha za Mijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Kapu hilo wameliita Sabaki, jina la mto unaomwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Kwa ufupi, Kigiriama na Kibajuni ni ndugu wa tumbo moja. Jina la mto huo liweke akilini, maana tutakutana nalo tena mbele, na si kwa habari njema.

Pili ni Shungwaya. Wazee wa Mijikenda wanasimulia kwamba asili yao ni mahali paitwapo Shungwaya, kaskazini huko, upande wa mpaka wa Somalia wa leo. Kutoka huko walishuka kusini wakikimbia vita, hadi wakajenga makaya yao nyuma ya Mombasa na Kilifi. Wabajuni nao wanaitaja Shungwaya hiyo hiyo katika masimulizi yao. Wanahistoria wamebishana miaka mingi juu ya Shungwaya, lakini kwenye masimulizi ya wazee, njia ya babu zake Mekatilili yaanzia pwani yetu hii.

Tatu, na kubwa zaidi, ni kwamba alichokipigania yeye mwaka 1913 ndicho tunachokipigania watu wa Lamu sasa hivi. Hilo nitalirudia mwishoni.

Mnyazi, binti wa pekee

Jina alilozaliwa nalo ni Mnyazi wa Menza. Alizaliwa katikati ya karne ya 19 upande wa Bamba, eneo la Ganze, ambalo leo liko Kaunti ya Kilifi. Alikuwa binti wa pekee kati ya ndugu wa kiume. Baadaye aliolewa, akapata mtoto akamwita Katilili, na kwa desturi ya Kigiriama mama akaanza kuitwa kwa jina la mwanawe. "Me" ni mama wa. Mekatilili, mama Katilili. Ni kama vile mtaani tunavyosema mama Fatuma au mama Brian. Jina la shujaa mkubwa wa Pwani ni jina la kawaida kabisa la mama wa nyumbani.

Utoto wake uliingiwa na jambo ambalo halikumtoka. Inasimuliwa kwamba kaka yake mmoja, Mwarandu, alikamatwa na wafanyabiashara wa utumwa, akachukuliwa, na hakuonekana tena.

Sisi wa visiwani hapo lazima tusimame kidogo. Biashara ya watumwa ya pwani hii haikufanywa na wageni pekee. Iliingia katika miji yetu, katika majahazi yetu, na katika mashamba makubwa ya bara yaliyokuwa yakilimwa na watumwa kwa faida ya watu wa mjini. Hali ya utumwa kisheria ilifutwa kwenye pwani hii ya Kenya mwaka 1907 tu. Hatuwezi kumsifu Mekatilili kwa kumkataa Mwingereza halafu tukaruka ukurasa wa kaka yake. Wote wawili, mwenye utumwa na mkoloni, walimwendea Mgiriama kwa fikra moja: huyu ni mikono ya kazi, haulizwi.

Ndiyo maana serikali ilipokuja baadaye kutaka vijana wa Kigiriama waende kufanya kazi mbali na kwao, Mekatilili hakuhitaji kuelezwa maana yake. Alishawahi kuona mtu wa nyumbani mwao akienda asirudi.

Kaya ni nini hasa?

Huwezi kumwelewa bibi huyu bila kuielewa kaya. Zamani kaya ilikuwa kijiji kilichojengwa katikati ya msitu mnene, kina malango, kina njia nyembamba, adui hapiti kirahisi. Kaya kuu ya Wagiriama ni Kaya Fungo. Humo ndimo kulimokuwa na baraza la wazee, sheria, viapo, maombi ya mvua na makaburi ya wakubwa.

Kufikia mwisho wa karne ya 19 watu wengi walikuwa wameshatoka kayani, wametawanyika wakitafuta mashamba mazuri. Wengi walivuka mto Sabaki wakalima ng'ambo ya kaskazini. Ardhi ilikuwa na rutuba, mahindi yalikubali, na nafaka ikauzwa Malindi. Kijana wa Kigiriama aliyekuwa na shamba lake hakuwa na njaa wala shida ya hela. Kaya ikabaki na wazee wachache, lakini heshima yake haikuisha.

Kuna pia habari za Mepoho, nabii wa kike wa Wagiriama wa zamani. Inasimuliwa kwamba alitabiri kuja kwa watu wageni wenye nywele kama nyuzi za katani, na vyombo vitakavyokwenda nchi kavu na vingine angani, na kwamba wakija wao, mila na ardhi zitaharibika. Watu wa kizazi cha Mekatilili waliukua utabiri huo wakiusikia. Kwa hivyo alipotokea mzungu na daftari la kodi, wengi hawakumwona kama jambo jipya. Walimwona kama jambo lililokuwa likisubiriwa kwa hofu.

Serikali yataka mikono

Mwaka 1912 alipelekwa kwa Wagiriama ofisa kijana wa Kiingereza, Arthur Champion. Mkubwa wake kwa mkoa mzima alikuwa Charles Hobley. Kazi ya Champion kwenye karatasi ilikuwa utawala: kuhesabu nyumba, kukusanya kodi kwa rupia, kuweka machifu. Lakini chini ya karatasi kulikuwa na haja moja kubwa, nayo ni vibarua. Wazungu walikuwa wamefungua mashamba ya mpira na pamba pwani, na hawakuwa na watu wa kuyalima.

Wagiriama walikataa kwenda. Si uvivu, kama walivyoandikwa na maofisa. Hesabu yao ilikuwa rahisi: kwa nini niache mahindi yangu yanayoniletea faida nikamlimie mtu mwingine kwa ujira mdogo? Ukweli ni kwamba biashara yao ya nafaka ilikuwa ikiwapa uhuru, na uhuru huo ndio uliomkera mwenye shamba la mpira.

Serikali ikaona dawa ni kuwabana. Kodi ilipwe kwa pesa taslimu. Machifu, ambao si wazee wa kaya bali watu walioteuliwa na serikali, walazimishwe kutoa idadi ya vijana. Na yale mashamba ya kaskazini ya Sabaki, wazo likaanza kuzungumzwa kwamba Wagiriama wahamishwe huko warudi kusini, penye ardhi duni. Mtu akikosa shamba zuri, ataenda kibarua atake asitake. Mpango ulikuwa huo.

Katika hayo yote, hakuna siku Mgiriama wa kawaida aliitwa akaulizwa anaonaje. Hapo ndipo Mekatilili aliposimama.

Ngoma kwanza, kiapo baadaye

Kufikia wakati huo alikuwa mjane. Katika jamii ambayo baraza lilikuwa la wazee wa kiume, mwanamke kuzunguka vijijini akihutubia halikuwa jambo la kila siku. Lakini ujane ulimpa nafasi ambayo mke wa mtu hana, na ulimi alikuwa nao.

Alitumia alichokuwa nacho. Kuna ngoma ya Kigiriama iitwayo kifudu, ngoma nzito ya mambo ya mauti na matanga. Mekatilili alikuwa akiingia kijijini akiicheza, watu wanatoka mashambani na majumbani kutazama, na mkutano ushajaa. Hakuwa na bango, hakuwa na redio. Ngoma ndiyo iliyokuwa tangazo lake. Na kuchagua ngoma ya msiba hakukuwa bahati nasibu. Alikuwa akiwaambia watu, bila hata kufungua mdomo, kwamba kuna kitu kinakufa.

Maneno yake yalikuwa ya moja kwa moja. Vijana wasitolewe. Kodi isilipwe. Machifu wa serikali wasitiiwe. Watu warudi kwenye sheria ya kaya.

Pamoja naye alikuwa mzee Wanje wa Mwadorikola. Jina lake twalisahau mara nyingi, na si haki. Mekatilili akawavuta wanawake, Wanje akawavuta wanaume. Mwaka 1913 ukafanyika mkutano mkubwa Kaya Fungo, na hapo vikaliwa viapo viwili: wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala kiapo cha fisi. Hicho cha fisi ndicho kilichoogopwa kuliko vyote. Aliyekivunja aliamini kabisa kwamba atakufa.

Tusimpake sukari. Kiapo hicho kilikuwa kikali hata kwa Wagiriama wenzake. Aliyeshirikiana na serikali, na hata aliyevaa na kuishi kizungu, alijikuta kwenye upande mbaya wa kiapo. Kuna watu waliokaa kwa hofu ya jirani zao. Lakini tazama pia kilichofanyika: jamii iliyotawanyika kila mtu na shamba lake iligeuka kuwa jamii moja yenye jibu moja. Machifu wakakosa vijana wa kupeleka. Kodi ikakwama. Champion akajikuta anatawala karatasi tu.

Kuku na vifaranga

Hapa ndipo kinapoingia kisa maarufu cha Agosti 1913. Champion aliita mkutano kueleza matakwa ya serikali. Inasimuliwa kwamba Mekatilili alifika na kuku mwenye vifaranga, akawaweka chini mbele ya watu wote, akamwambia Champion ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Alipoinama kuchukua, mama kuku akamrukia akamdonoa. Bibi akaeleza maana: ukigusa mmoja wa watoto wetu, utakipata hicho hicho. Wengine wanasimulia kwamba Champion alikasirika akampiga kuku risasi, na kofi likafuata hapo.

Watu wa Kilifi wanakisimulia kisa hiki kwa njia tofauti tofauti, na kila msimulizi ana chumvi yake. Lakini ukitoa chumvi yote, kinachobaki ni somo alilolifanya hata mtoto mdogo alielewe. Serikali ilizungumza habari za kodi, kanuni na maendeleo. Yeye alionyesha mama na watoto wake. Hadi leo kuku anakumbukwa, hotuba ya Champion hakuna anayeikumbuka.

Kisii, halafu kurudi

Oktoba 17, 1913 walikamatwa, Mekatilili na Wanje. Serikali haikutaka kuwafunga Mombasa au Malindi, karibu na watu wao. Waliwapeleka Kisii, mwisho mwingine wa nchi, mahali ambapo Kigiriama hakisemwi na hakuna anayewajua. Hukumu ilikuwa miaka 5 uhamishoni.

Fikiria kidogo. Wewe leo ukitaka kwenda Kisii kutoka Pwani wapanda basi, wachaji simu, walala, waamka umefika Nairobi, kisha basi jingine. Huyu alikuwa mama mtu mzima ambaye maisha yake yote yalikuwa kati ya Ganze na Sabaki. Na huko Kisii hawakumaliza hata miezi 3. Januari 14, 1914 walitoroka.

Walirudi kwa miguu. Ni safari ya zaidi ya kilomita 700, kupita milima ya magharibi, Bonde la Ufa, nyika za kati na ukame wa Taru, katika nchi yenye simba na yenye askari wanaowatafuta. Tena bila pesa, bila lugha za njiani. Kwa kweli, ukiniambia nichague kitendo kimoja cha kumwekea sanamu, sichagui kofi. Nachagua hiyo safari.

Habari kwamba wamerudi ilifika Ugiriamani na ikafanya kazi kuliko hotuba. Watu waliona kwamba serikali inaweza kukutupa mbali, na bado ukarudi.

Baruti kayani

Serikali ikaamua kwamba tatizo si mtu, tatizo ni mahali. Ikiwa nguvu ya viapo imetoka kayani, basi kaya iondoke. Agosti 4, 1914, siku ile ile Uingereza ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Malango yakavunjwa, miti ikachomwa. Chukulia mtu aje leo alipue msikiti wa ijumaa na makaburi ya babu zako, halafu akwambie ni hatua ya kiutawala.

Mekatilili na Wanje walikamatwa tena mwezi huo huo na kurudishwa uhamishoni. Lakini mambo yalikuwa yameshafika pabaya. Serikali sasa ilitaka vijana si wa mashamba tu, bali pia wa kubeba mizigo ya jeshi dhidi ya Wajerumani. Kisha askari mmoja wa serikali akambaka mwanamke wa Kigiriama, na wanaume wa Kigiriama wakamuua askari huyo kwa mishale. Hapo vita vikaanza.

Havikuwa vita vya kulingana. Upande mmoja mishale ya sumu, upande wa pili jeshi la KAR na bunduki. Vijiji vilichomwa moto, mbuzi wakatwaliwa kwa maelfu. Wagiriama wapatao 150 wanakadiriwa kuuawa. Yalipoisha, serikali ikatoa masharti: faini ya rupia 100,000, vibarua 1,000, na Wagiriama wote watoke kaskazini ya mto Sabaki.

Ndiyo, ule mto. Jina ambalo wasomi wamelitumia kuonyesha kwamba sisi sote wa pwani ni ndugu, ndilo la mto uliofanywa mpaka wa kuwafukuza Wagiriama kwenye mashamba yao. Mekatilili alikuwa amelisema tangu mwanzo: wanataka vijana, na wakiwakosa watataka ardhi.

Alishindwa au alishinda?

Ukihesabu maiti na faini, alishindwa. Hilo tusilifiche.

Lakini endelea kuhesabu. Kuwatoa watu kwenye ardhi nzuri kulileta njaa, na njaa haikuleta vibarua wengi kama walivyotarajia. Kodi haikukusanyika vizuri. Maofisa wenyewe wakaanza kulaumiana juu ya namna jambo lote lilivyoendeshwa. Miaka michache baadaye serikali ikalegeza kamba, Wagiriama wakaruhusiwa kuvuka Sabaki kurudi mashambani. Kaya nayo ikaruhusiwa kufunguliwa tena.

Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje walirudi nyumbani, safari hii bila kutoroka. Wakakaa Kaya Fungo. Wanje akawa kiongozi wa baraza la wanaume, Mekatilili akawa kiongozi wa baraza la wanawake. Yule mama asiyekuwa na cheo alikipata mwishoni, na hakupewa na serikali. Alipewa na watu wake, ndani ya kaya ile ile iliyolipuliwa kwa ajili yake.

Alifariki mwaka 1924 na akazikwa Bungale, eneo la Magarini. Ukiangalia ramani utaona kwamba Bungale iko kaskazini ya Sabaki. Yaani amelala kwenye upande wa mto ambao serikali ilisema Mgiriama asikanyage.

Heshima ilichelewa. Kenya huru ilikaa miaka mingi ikimtaja kwa kupitia tu. Sanamu yake ilizinduliwa Malindi mwaka 2010. Mwaka 2008 UNESCO iliweka misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia, ile misitu ambayo mkoloni aliona ni vichaka vya wachawi. Na Agosti 9, 2020 Google ikaweka picha yake kwenye ukurasa wake wa mbele. Hiyo Agosti 9 ni Siku ya Kimataifa ya Watu wa Asili Duniani.

Bibi huyu na sisi wa leo

Sasa turudi Lamu, kama nilivyoahidi.

Ilipoanza kujengwa bandari kubwa ya Lamu upande wa Manda, wavuvi walisema njia zao za bahari na sehemu za kuvulia zinaharibiwa na hakuna aliyewasikiza. Walienda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zimekiukwa na kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Mwaka uliofuata, Juni 2019, mahakama ya mambo ya mazingira ikafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichotakiwa kujengwa Kwasasi. Sababu kubwa? Wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hawakuulizwa.

Soma tena sababu hiyo. Ndiyo hoja ya Mekatilili, miaka zaidi ya 100 baadaye, ikiwa imevaa joho la hakimu. Yeye hakuwa na katiba ya kushika mkononi. Alikuwa na kuku. Sisi tuna Katiba ya 2010 yenye kifungu kizima cha ardhi ya jamii, na bado twaona uvivu kuhudhuria baraza la kukusanya maoni.

Wala si pwani yetu peke yake. Guatemala, kule Amerika ya Kati, watu wa asili wa Maya walipokonywa mashamba kwa ajili ya kahawa, wakalazimishwa vibarua, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe wakauawa kwa maelfu. Tume ya ukweli ilisema mwaka 1999 kwamba zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kupotezwa, wengi wao Wamaya, na kwamba jeshi la nchi hiyo lilifanya vitendo vya mauaji ya kimbari dhidi ya jamii za Maya. Huko pia sehemu za ibada zilibomolewa na lugha zikadharauliwa kwanza. Hapa kwetu Waogiek wa Mau walishinda kesi yao katika Mahakama ya Afrika mwaka 2017. Ukizipanga kesi hizi zote kwenye meza moja, swali ni lile lile: ardhi ya watu yaamuliwaje bila wao?

Kwa hivyo siku nyingine ukiiona picha ya Mekatilili kwenye simu, usiishie kuweka moyo. Tafuta katika wadi yako kuna mradi gani unaokuja, karatasi zake ziko wapi, mkutano wa maoni ni lini. Nenda. Ukifika, usikae nyuma ukichezea simu huku wazee watatu wakisemea watu elfu moja. Inua mkono uulize.

Na kama wewe ni binti na ukaambiwa baraza si mahali pako, wakumbushe kwa heshima kwamba Pwani hii iliwahi kuamshwa na mjane mmoja aliyeingia kijijini akicheza kifudu.